Jini la Epping lina simu

Mjomba wangu alikuja London mwezi wa kumi, na yeyote anayekaa huku atakwambia mwezi wa kumi sio wa kumleta mtu kutoka Lushoto labda kama umemchoka. Mwanzoni alikuwa poa tu, anashangaa mabasi ya ghorofa. Baadaye kaanza kukaa na koti ndani ya nyumba, mgongo kwenye hita, macho dirishani, hasemi kitu. Nikimuuliza vipi mjomba, ananijibu "mama, jua lenu hili linaumwa, limeshapelekwa hospitali?"

Halafu ndo ikaja ile Jumapili ya mwisho ya mwezi, wanarudisha saa nyuma. Saa nane usiku inageuka kuwa saa saba, sheria ipo tangu 1916, watu wamelala zao. Sasa jua ambalo jana limezama saa kumi na moja na dakika arobaini na kitu leo linazama saa kumi na dakika arobaini. We mweleze hiyo mtu aliyetoka sehemu ambayo mwaka mzima magharibi ni kwenye saa kumi na mbili. Kanisikiliza mpaka mwisho kisha kauliza, "Na majogoo wao wanapewa taarifa na nani?" Nikanyamaza.

Nikaona nimtoe nje. Vibibi ninavyovihudumia kazini kila mwaka giza likianza vinaniambia hivyo hivyo, nenda msituni majani yakiwa yamebadilika rangi, moyo utatulia. Basi tukabeba maandazi na chupa ya chai, tukapanda treni ya Central line mpaka Loughton, pembezoni mwa London, tukaingia msitu wa Epping.

Mjomba kasimama pale pale. Chini majani mekundu, juu ya njano, mengine yanadondoka yenyewe bila upepo. "Nani kauchoma huu msitu?" Nikamwambia haujachomwa, mti ukiona mwanga unapungua unaacha kutengeneza ile kijani, njano iliyokuwa imejificha inaonekana, halafu unaziba njia ya maji kwenye kikonyo jani linaanguka. Akaona ni uchoyo.

Ila kilichomchangamsha ni habari ya kuni. Ile miti ya zamani ina mashina mafupi manene halafu matawi makubwa yametoka pale juu kama vidole vya jitu, kwa sababu wanakijiji walikuwa na haki ya kukata matawi ya kuni, wanakata juu ya kichwa ili mifugo isifikie machipukizi. Wenye ardhi wakaanza kuzungushia ua, watu wakagoma, kuna waliofungwa jela kisa kuni, mpaka bunge likatunga sheria 1878 msitu ukawekwa chini ya halmashauri ya City of London ubaki wazi kwa wote, ila na kuni nazo mwisho. Mjomba kavua kofia. Kule kwetu kagombana na mabwana miti tangu nipo mtoto, kumbe ana wenzake huku! Kuanzia hapo ikawa haondoki, kila mti anaupapasa na kuusalimia, anaokota majani anajaza mifukoni, anaongea mwenyewe, na mimi nikasema alhamdulillah mjomba karudi, tukakaa kwenye gogo tukanywa chai taratibuuu.

Giza likaingia bila hodi. Simu yangu kwa ile baridi ikazima. Tukaanza kutafuta njia, majani yameifunika yote, na ghafla kitu kikabweka pembeni, hau! Kile ni kiswala kifupi kinaitwa muntjac, nakijua, tatizo ni kwamba miguu yangu haikijui.

Bado tunahema, mbele yetu gizani ukaanza muziki. Wallahi muziki. Tii, tiii, tiiii, unapanda. Mjomba kanishika kofia ya koti, kanong'ona "jini hilo, na lina simu," akashusha Ayatul Kursiyy kwa spidi ambayo sijawahi kuisikia. Muziki ukazidi kupanda, pakatokea kichwa, kichwa kina mapembe marefu yamepinda huku na huku, na mimi sijui nini kilinipata nikasema "Shikamoo."

Halikuitikia. Nikakimbia. Kiatu kimoja kikabaki kwenye tope, mjomba bado kashikilia kofia kwa hiyo tulikimbia kwa mzunguko tu, mfuko wa maandazi chini.

Akatokea mama wa Kizungu na mbwa wake na tochi, katumulika, kacheka mpaka kaegemea mti. Kumbe ni ng'ombe, wale Longhorn wanaoachiwa wale majani pale msituni. Hamna uzio, wamevalishwa kola za setilaiti, ng'ombe akivuka mpaka kola inampigia mlio, akijitia kiziwi inampa shoti kidogo anarudi. Wakati tunaelezwa yote haya jini lilikuwa linamalizia andazi la mwisho.

Sasa msikieni mjomba. "Mama, unakimbia ng'ombe? Mtoto wa Lushoto unakimbia ng'ombe?" Mtu aliyekuwa anasoma ruqya dakika mbili zilizopita! Kaenda kamkuna shingo, kamkagua meno, kamwambia yule mama kwa Kiswahili kwamba mnyama ana afya nzuri, na yule mama anaitikia tu yes, yes, akatutoa mpaka barabarani, mimi guu moja soksi.

Hita haiangalii tena. Kila asubuhi ananiuliza tunaenda lini kwa ng'ombe wake, nishamwambia hawaruhusiwi kulishwa ila juzi nimemkuta jikoni anafunga chumvi kwenye kigazeti. Na kwenye grupu la ukoo katuma voisi ndeeefu ya tukio zima, ambayo yeye hajashtuka hata kidogo na mimi nimepanda mti. Shangazi wa Korogwe ananiuliza nilishukaje.