Upanga wa Mikono Miwili au Upanga na Ngao? Mpiganaji wa Dungeons & Dragons Achague Nini

Katika Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika ambao Gary Gygax na Dave Arneson waliutoa mwaka 1974, hakuna ubishi unaochelewesha mchezo kuanza kama ubishi wa silaha. Anayetengeneza mpiganaji mpya huambiwa na upande mmoja achukue upanga mkubwa wa mikono miwili, hesabu zimeshapigwa, kazi imekwisha. Upande wa pili humwambia achukue silaha inayolingana na asili ya mhusika wake, iwe mkuki alioachiwa na babu au rungu la mchunga mbuzi, kwa kuwa hii ni hadithi na si mtihani wa hisabati. Wote wana hoja. Tatizo langu na wapiga hesabu ni kwamba mara nyingi hawapigi hesabu za kutosha.

Hapo mwanzo ubishi huu usingewezekana. Katika kanuni za 1974 kila silaha ilijeruhi kwa dadu moja la pande 6, kisu kwa shoka, sawasawa. Nyongeza ya Greyhawk ya 1975 ndiyo iliyozipa silaha madadu tofauti, na toleo la Advanced la 1978 likawa na jedwali la kila silaha dhidi ya kila aina ya deraya, jedwali ambalo meza nyingi ziliruka bila kuomba radhi. Tangu hapo mwenye kalamu na karatasi hakosi la kukokotoa.

Tuchukue kanuni za 2014. Upanga mkubwa unarushiwa madadu mawili ya pande 6, wastani wake 7. Shoka kubwa linarushiwa dadu moja la pande 12, wastani 6.5. Nusu pointi, mtu atasema, ya nini kugombana? Lakini wastani unaficha jambo. Goblini, zimwi dogo la mchezo huu, katika kanuni hizo ana pointi 7 za uhai. Mpiganaji ambaye nguvu yake huongeza 3 kwenye jeraha akimpata kwa upanga mkubwa, anamwua kwa pigo hilo hilo mara 92 kati ya 100. Akimpata kwa shoka, mara 75 tu, kwa sababu dadu moja hutoa 1 kwa urahisi uleule linaotoa 12, ilhali madadu mawili hupenda kukusanyika katikati. Goblini aliyebaki na pointi moja anakukata kwa upanga wake kama aliye mzima. Swali la maana basi si silaha ipi ina wastani mkubwa. Ni mapigo mangapi yanahitajika kumwangusha adui unayekutana naye kweli.

Watetezi wa shoka hawakosi jibu. Mpiganaji wa hasira, yule anayepandwa na ghadhabu vitani, kuanzia ngazi ya 9 ya uzoefu huongeza dadu moja la silaha yake kila anapopata 20 kwenye dadu la kulenga, yaani lile la pande 20 linaloamua kama pigo limefika, na dadu la shoka ni la pande 12. Ni kweli, na linafurahisha sana likitokea. Ila hata akishambulia kila zamu kwa kurusha mara mbili na kuchukua namba kubwa, 20 huja chini kidogo ya mara 1 katika 10, na katika ngazi ya 9 upanga bado uko mbele kwa wastani. Shoka linaupita kuanzia ngazi ya 13, au mapema zaidi mhusika akiwa nusu-orki, mzawa wa binadamu na zimwi la orki, ambaye ana dadu lake la ziada. Kampeni ngapi, yaani hadithi ndefu za vikao vingi, hufika ngazi ya 13? Zangu nyingi hazifiki.

Sasa ngao, ambayo wapiga hesabu huitaja kwa sauti ya chini. Mpe mpiganaji wa ngazi ya 1 upanga mrefu wa mkono mmoja, ngao, na mtindo wa kupigana unaoongeza pointi 2 kwa silaha ya mkono mmoja. Kila pigo linalofika ni wastani wa 9.5. Mwenzake wa upanga mkubwa, mwenye mtindo wa kurusha upya madadu yanayotoa 1 au 2, anafikia takriban 11.3. Tofauti hiyo haizidi pointi 2, na kwa kuwa karibu nusu ya mapigo hukosa, kwa kila shambulio inabaki kama pointi 1. Kwa upande wa pili, goblini anampata mwenye deraya ya minyororo mara 45 katika 100. Ngao ikiongezwa, mara 35. Majeraha yanapungua kwa asilimia 22 hivi, kwa mtu ambaye katika ngazi hiyo ana pointi 12 au 13 tu za uhai. Na goblini yule wa pointi 7 bado anakufa kwa pigo moja mara 87 katika 100. Katika ngazi tatu za mwanzo sioni sababu ya kuiacha ngao.

Mambo yanageuka baadaye. Kipaji cha silaha nzito cha 2014 kinakuruhusu kupunguza 5 kwenye dadu la kulenga ili uongeze 10 kwenye majeraha. Katika ngazi ya 5, mwenye nguvu ya kuongeza 4 anayemkabili adui wa kinga 15, yaani namba ambayo dadu la kulenga pamoja na nyongeza zake lazima liifikie, anapata wastani wa 8 kwa shambulio la kawaida na 8.9 akitumia kipaji. Si kitu. Lakini mwenzake akimwangusha adui chini, ikawa anarusha mara mbili, inakuwa 10.8 dhidi ya 14.3. Dhidi ya kinga 18 bila msaada, kipaji hicho kinamgharimu badala ya kumfaidi. Kwa maneno mengine, nguvu ya upanga mkubwa iko nusu mkononi mwako na nusu mkononi mwa waliokaa nawe mezani.

Kwa mwizi anayevizia, ubishi ni mwepesi. Jeraha lake kubwa linatokana na pigo la kuvizia, si na silaha. Sime mbili zinampa nafasi mbili za kulifikisha: anayepata mara 60 katika 100 sasa anafikia 84. Upanga mwembamba wa dadu la pande 8 haulipi hilo.

Upande wa hadithi nao una nguvu mahali ambapo hesabu hazifiki. Viunzi vya mifupa vinavyotembea huumia maradufu kwa rungu, na baadhi ya viumbe wa ute wa pangoni hugawanyika wawili wakikatwa kwa upanga. Mwenye harpi, kiumbe nusu mwanamke nusu ndege, juu ya kichwa chake atatamani ule mkuki wa babu wa sarafu moja ya dhahabu, maana unarushika. Halafu kuna hazina: katika kanuni za 2014 silaha nyingi za uchawi zenye majina makubwa ni panga, kwa hiyo anayewekeza vipaji vyake vyote kwenye silaha za mpini mrefu anacheza kamari na msimamizi wa mchezo. Mwulize kabla.

Kanuni za 2024 zimesogeza pande hizi karibu. Kila silaha sasa ina umahiri wake: upanga mkubwa hujeruhi hata ukikosa, fimbo ndefu ya sarafu 2 za fedha inaweza kumwangusha adui, na ule uchaguzi wa kupunguza 5 umeondolewa kwenye kipaji cha silaha nzito. Mchunga mbuzi mwenye fimbo si mzigo tena kwa wenzake.

Kwa mpiganaji mpya ningeanza na upanga mrefu, ngao na mikuki miwili mitatu ya kurusha. Ngazi ya 4 ikifika, kwa kanuni za 2014 ningeangalia nani mezani anaangusha maadui. Akiwepo, ngao iuzwe. Kwa anayecheza kanuni za 2024, mpiganaji anaruhusiwa kubadili mtindo wake kila anapopanda ngazi, kwa hiyo gharama ya kuhama ni bei ya upanga tu, sarafu 50 za dhahabu.