Athari si madhara

Kila Januari, matokeo ya kidato cha nne yanapotangazwa, hakuna Mtanzania anayeuliza kama neno hilo lina heri au shari. Aliyepata daraja la kwanza ana matokeo, na aliyepata sifuri naye ana matokeo yake. Matokeo ni kile kinachofuata baada ya jambo. Neno lenyewe halisifu wala halilaumu. Shida inaanza tunapoliacha na kushika maneno jirani yake bila kuyapima.

Nasikia mara kwa mara, tena redioni, mtu akisema "madhara chanya". Dhara ni ubaya, na kudhuru ni kuumiza. Haliwezi kuwa chanya hata ulipambe vipi. Msemaji alikusudia athari, yaani alama inayobaki baada ya kitu kupita, na alama yaweza kuwa njema au mbaya. Wanaisimu wanapozungumzia athari za Kiarabu katika Kiswahili hawalalamiki. Wanatueleza tulikopata kitabu, habari na sahani.

Chukua mafuriko ya Rufiji ya Aprili 2024. Nyumba zilizoingia maji na mashamba yaliyozama ni madhara. Lakini mto ule ukifurika huacha pia udongo wenye rutuba, ambao wakulima wa bondeni wameutegemea vizazi na vizazi. Yote hayo ni athari za mafuriko. Mwandishi akiandika athari huku akikusudia hasara pekee, aseme hasara.

Panaponiuma zaidi ni kwenye afya. Mama anakwenda kliniki kuulizia njia ya uzazi wa mpango, anaambiwa "madhara yake ni haya": kichefuchefu, kichwa kuuma, hedhi kubadilika. Ameshatishika kabla hajasikia kwamba mengi ya hayo hupungua baada ya miezi michache. Wahudumu wengi Tanzania husema "maudhi madogo madogo", na nawapongeza kwa moyo wote. Maudhi ni kero. Yanasumbua, na mama ana haki ya kuelezwa, ila hayajafikia kuwa dhara. Tena kwa kufanya hivyo neno madhara linabaki na uzito wake kwa hatari ya kweli, kama damu kuganda kwenye mshipa, ambayo ni nadra lakini mtu akiiona dalili yake anapaswa kukimbilia hospitali.

Kutokana na athari tumepata pia jina la watu. Magazeti ya Tanzania huandika waathirika, ya Kenya huandika waathiriwa. Mimi nipo upande wa Kenya hapa: kauli ya kutendwa inamkumbusha msomaji kwamba kuna kilichowatenda. Kwa wenye virusi vya UKIMWI, hata hivyo, yote mawili hayafai. "Watu wanaoishi na VVU" ndiyo inayostahili, kwa sababu inaanza na mtu na maisha yake.

Neno natija nalipenda sana, ingawa Tanzania Bara linaelekea kusahaulika. Ni matokeo yenye manufaa: natija ya elimu, natija ya subira. Usiseme natija ya ajali. Hatima nayo ni mwisho wa jambo. Kesi yaweza kuleta matokeo mengi njiani, mmoja kapewa dhamana, mwingine karudishwa rumande, lakini hatima yake ni hukumu ya mwisho.

Na mtu anapoonywa? Sioni kwa nini tumwambie "utakabiliana na matokeo ya matendo yako", sentensi iliyohamishwa kutoka Kiingereza neno kwa neno. Kiswahili kinamwambia utakiona cha mtema kuni. Kwa mtoto yatosha "yatakukuta". Katika barua ya kiofisi, ambako nahau hazina nafasi, taja hatua yenyewe na atakayeichukua: mwajiri atasimamisha mshahara, halmashauri itatoza faini, mwenye nyumba atavunja mkataba.