Usingizi chuoni: dalili au chanzo?

Wiki ya mitihani Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, saa nane usiku vimbweta, meza na benchi za zege za kujisomea nje, bado vina watu. Anayekesha husifiwa kuwa anapiga msuli. Mitihani ikiisha, wapo ambao usingizi haurudi: mtu ananuna, chakula hakipandi, na akijilaza mapema anaishia kuhesabu mapangaboi. Je, kukesha kumemvuruga akili, au akili ilishavurugika na usingizi ukawa wa kwanza kukimbia?

Wanaosema ni dalili tu wana hoja. Kukosa usingizi ni miongoni mwa dalili zinazojulikana za sonona, na chuoni sababu za kusononeka hazitafutwi kwa tochi: hofu ya kudisko (kufukuzwa masomo kwa kufeli), boom (fedha ya kujikimu ya mkopo) lililochelewa, wadogo nyumbani wanaosubiri umalize. Mtu huyo ukimwambia azime simu mapema, umempangusa jasho mgonjwa wa malaria.

Hata hivyo, naegemea upande wa pili. Mwaka 2017 Daniel Freeman wa Oxford na wenzake walichapisha jaribio la wanafunzi 3,755 wenye tatizo la usingizi, kutoka vyuo vikuu 26 vya Uingereza. Waliopewa tiba ya usingizi kwa njia ya mtandao walilala vizuri zaidi kuliko wenzao, na hali ya kuwashuku watu, kusikia yasiyokuwepo, hata sonona, ikapungua. Nafuu haikuwa kubwa kote, na wengi waliishia njiani. Lakini kutibu dalili tupu kusingeponya kitu kingine.

Kwetu ipo sababu nyingine, nayo kwangu ndiyo kubwa: aibu. Ni wachache watakaoingia kwa mshauri wa wanafunzi na kutamka kwamba wana sonona. Kusema "silali" hakumvunjii mtu heshima, na mazungumzo mengine yanaweza kuanzia hapo.

Tatizo ni kwamba tiba hiyo ya usingizi huagiza kitanda kiwe cha kulala tu. Usingizi ukigoma, inuka, uende kwingine. Kwingine wapi? Hosteli za Magufuli zilizofunguliwa 2017 zilichukua wanafunzi 3,840, lakini kubebana hakujaisha. Wawili wanabanana kwenye godoro moja, mchana godoro hilohilo ni meza na sebule, na taa ya chumba inamngoja wa mwisho kumaliza kusoma. Kabla ya semina za afya ya akili, ningeanza na vyumba vya kujisomea vinavyofunguliwa usiku kucha, ili bwenini taa izimwe saa sita.