Rimoti Imegoma, Paka Amelala

Rimoti imegoma tena. Na imegoma saa ileile wanayogoma wenzake wote: muziki wa taarifa ya habari umeshapigwa, sauti iko chini kabisa, msomaji anafungua na kufumba mdomo kama samaki, na wewe, kichwa cha familia, mlipa umeme, umenyoosha mkono unabonyeza kama mtu anayesimamisha basi lililokwisha pita.

Tusidanganyane, kinachofuata kila nyumba inakijua. Kwanza unabonyeza kwa nguvu zaidi, kana kwamba rimoti ina masikio mazito. Halafu unainuka nusu, makalio hewani, unaisogeza mbele sentimita ishirini. Halafu unaipiga makofi mawili ya paja. Ikikaidi unafungua mgongo wake, unazizungusha betri kwa kidole gumba, unafunga. Ikikaidi tena unazihamisha, ya kushoto inakwenda kulia, kama wanafunzi wawili wanaopiga kelele darasani. Wengine huziuma kabisa. Hapo ndipo linapotoka lile swali zito, kwa sauti ya tume ya uchunguzi: "Nani aliyeishika mara ya mwisho?"

Hakuna. Tangu familia zianze, rimoti haijawahi kushikwa na mtu.

Sasa niwatetee kidogo wapiga makofi, maana wanachekwa bure. Rimoti ya kawaida hutumia betri mbili za voti 1.5 zilizofuatana, jumla voti 3. Betri hukutana na rimoti kwenye springi na kibati, na juu ya hivyo vyuma hujijenga utando mwembamba wa kutu. Ukizizungusha betri, unaukwangua ule utando, umeme unapita, rimoti inafufuka na wewe unajiona fundi. Kofi nalo husogeza kile kilichokaa vibaya. Kuuma ndiko kusiko na utetezi. Unaweza kuliminya gamba la betri ikatoa tone moja la mwisho la uhai, ndiyo, lakini ndani yake kuna magadi makali ya potasiamu yanayochoma ngozi, na hakuna taarifa ya habari inayostahili ulimi wako.

Na kuchanganya betri mpya na ya zamani, kosa la watu wabana matumizi! Ile mpya humsukuma mzee mpaka amalizike kabisa, halafu humsukuma kinyumenyume, na mzee akishafika hapo hutapika. Ndio ule unga mweupe unaoelekea ukijani unaoukuta kwenye springi. Betri za alkalini zikivuja hivyo, tone moja au mawili ya siki kwenye kijiti cha pamba, futa, malizia na spiriti, acha pakauke. Usipulizie kwa mdomo. Mdomo una mate.

Basi. Makofi yameshindikana, betri zimebadilishwa kwa zile zilizoibwa kwenye saa ya ukutani (saa itasimama saa mbili na dakika nne hadi mwisho wa mwezi, na kila mgeni ataambiwa "hiyo imesimama"). Sasa inatangazwa operesheni. Meza inafutwa. Kitambaa kinatandikwa. Anaitishwa bisibisi mdogo wa nyota, analetwa bisibisi mkubwa bapa, ananuniwa, anatafutwa mwingine, hakuna, kinatumika kisu cha jikoni. Watoto wanajipanga kuzunguka meza kama wanafunzi wa udaktari. Mama mwenye nyumba anasema neno moja tu, "Utaiua," kisha anarudi kwenye simu yake, ambako taarifa ya habari hiyo hiyo anaiangalia vizuri na sauti yake inasikika.

Skrubu iko ndani ya kitako cha betri, mara nyingine imejificha chini ya stika. Zipo rimoti zisizo na skrubu hata moja, zimebanwa kwa meno ya plastiki tu, na hizo kisu huzitafuna kingo halafu kikateleza kikaingia kiganjani. Kinachotakiwa ni kadi ya zamani ya plastiki: ipenyeze kwenye mshono, tembea nayo polepole kuzunguka, utasikia tak, tak, tak. Kila tak moja ni jino limeachia. Ukisikia kraa, hilo jino limekwenda moja kwa moja, na kuanzia leo rimoti yenu itavaa gundi ya karatasi kiunoni kama majeruhi.

Ndani hakuna maajabu. Kuna blanketi la raba lenye vibonyezo, na kuna bodi ya kijani. Chini ya kila kibonyezo pamebandikwa kidonge cheusi cha kaboni, na mbele yake kwenye bodi kuna michoro miwili iliyopishana kama meno ya vitana viwili visivyogusana. Ukibonyeza, kidonge kinaiunganisha hiyo michoro. Ndiyo kazi yote. Adui ni mafuta: ya vidole vyetu, ya vitafunwa, na yale yanayojipenyeza yenyewe kutoka kwenye raba. Yakitanda, kidonge kinagusa mafuta badala ya bodi. Ndiyo maana kinachokufa kwanza ni kibonyezo cha sauti, cha chaneli na cha kuwashia, ilhali vile vinne vya rangi nyekundu, kijani, njano na buluu, ambavyo hakuna mtu ukooni anayejua vinafanya nini, vitazikwa vikiwa vipya.

Raba ioshwe kwa maji vuguvugu na sabuni, kwa ncha ya kidole, ikaushwe mpaka ndani ya mashimo. Bodi isiguswe na maji: spiriti kwenye kijiti cha pamba, dakika tano za kungoja. Kidonge kikiwa kinang'aa, kisugue mara mbili tatu juu ya karatasi ya kawaida. Nasema karatasi, sisemi msasa. Kuna wanaume wanaochukua msasa, wakasugua kwa moyo wote, wakamaliza kaboni yote, kisha wakainua rimoti juu ya taa na kusema, "Sasa safi." Safi kweli, imebaki raba tupu. Hapo dawa ni kukata duara dogo la karatasi ya alumini, ukubwa wa kidonge, na kulibandika kwa gundi kiasi cha kichwa cha pini. Gundi ikizidi, kibonyezo hubonyea mara moja na hakirudi, na TV itapandisha sauti yenyewe hadi majirani waje.

Kama rimoti yenyewe ni ya kuanguka kila siku, angalia pua yake, ile taa ndogo ya mbele. Imesimama kwa miguu miwili iliyochomelewa kwa risasi, na kila ikidondoka sakafuni pua ndiyo inayotangulia, risasi ikapata ufa. Nyingi zina pia kipande cha seramiki kinachopiga mapigo ya kilohezi 455 (yaani elfu 455 kwa sekunde), ambayo chipu huyagawa kwa 12 ili kupata mapigo ya kama kilohezi 38 yanayosikilizwa na TV. Kikipasuka hicho, osha usioshe, kwaheri.

Dakika arobaini. Rimoti imefungwa. Mezani imebaki skrubu moja. Hubaki daima. Nyumba zote zikikusanya skrubu zao zilizobaki tunaweza kuunda rimoti nzima. Mwenye nyumba anasimama, anaelekeza, anabonyeza.

Kimya. Samaki anaendelea kusoma habari.

Kwa mpango uliopaswa kufuatwa, na ambao hakuna familia iliyowahi kuufuata, hatua ya kwanza kabisa ilikuwa simu. Mwanga wa rimoti una urefu wa wimbi wa nanomita 940 hivi, macho yetu hayauoni, lakini kamera huuona. Tumia kamera ya mbele, ile ya kujipiga picha, kwa sababu ya nyuma kwenye simu nyingi ina kichujio kinachouzuia. Elekeza pua ya rimoti, bonyeza. Ukiona cheche za weupe wa zambarau zinapepesa, rimoti ni nzima, ilikuwa nzima tangu mwanzo, na operesheni yote umemfanyia mtu asiyeumwa.

Anayeligundua hili ni mtoto wa mwisho. Huwa ni wa mwisho. Anashika simu, anaangalia, anasema, "Mbona inawaka?" Kisha anageuka polepole upande wa TV, wote wanageuka, na pale, juu ya king'amuzi, amejikunja kama chapeo iliyovuliwa, mkia umeshuka mbele ukaziba jicho la kupokelea mwanga, amelala paka.

Mwanga ule haupenyi paka. Hilo lieleweke. Hupenya kioo, huruka juu ya ukuta mweupe, hata ukielekeza rimoti darini mara nyingi TV hutii kwa mwanga uliodunda. Mkia hapana.

Na usimlaumu sana. Joto la mwili wa paka ni nyuzi 38 hadi 39, na hujisikia vizuri mahali ambapo sisi tungeshatoa jasho. King'amuzi kinachemka taratibu usiku na mchana, hata kikiwa kimezimwa kwa rimoti, kwa sababu kule si kuzimwa, ni kusinzia. Kwake yeye hicho ni kitanda chenye moto ambacho binadamu, kwa wema wao, wamekiwekea na picha ukutani. Shida ni matundu. Manyoya yanaingia, hewa haitoki, na kapasita za ndani, vile vikopo vidogo vinavyotunza umeme, zina hesabu yao: kila nyuzi 10 za joto zikiongezeka, maisha yake hukatika karibu nusu. King'amuzi kikianza kujizima na kujiwasha chenyewe saa za usiku, si mashetani, ni manyoya. Kiachie sentimita 10 za hewa juu, pitisha brashi laini kila mwezi kikiwa kimechomolewa, na mpe mwenzio sanduku lenye taulo ubavuni. Atalichunguza. Atalipenda. Atalala tena juu ya king'amuzi.

Ana haki za kihistoria, tukienda mbali. Mwaka 1928, wahandisi wa RCA, kampuni ya redio ya Marekani, kule New York walipohitaji kitu cha kukaa mbele ya kamera saa nyingi wakirekebisha mitambo ya televisheni, hawakumweka mtu, taa zilikuwa kali mno. Waliweka sanamu ya Felix, paka wa katuni, juu ya kisahani cha gramafoni, akazungushwa na kuzungushwa, picha yake ikitoka kwa mistari 60 tu. Miaka mitatu kabla, Oktoba 1925 huko London, mvumbuzi John Logie Baird alikuwa amemwita kijana wa ofisini, William Taynton, akae mbele ya mtambo wake wa televisheni. Kijana akakimbia joto la taa, ikabidi apewe pesa ndiyo arudi. Siku hizi watoto wanakaa mbele ya TV bila kulipwa hata senti, na kuwaondoa ndiko kunakogharimu.

Rimoti nazo zilianza vibaya. Ya kwanza ya kampuni ya Zenith, mwaka 1950, ilikuwa na waya uliolala katikati ya sebule, watu wakijikwaa. Mwaka 1955 mhandisi wao Eugene Polley akaleta ya kumulika kwa mwanga, ikawa jua likiingia dirishani linabadilisha chaneli. Mwaka 1956 ikaja ya mwenzake Robert Adler, na hiyo ndiyo niitamaniyo: haikuwa na betri kabisa! Ndani nyundo ndogo zilipiga vijiti vinne vya alumini, vikatoa mlio wa juu ambao sikio la binadamu halisikii. Halafu funguo zikilia mfukoni, TV nayo ikajibu. Na paka, ambaye husikia hadi zaidi ya kilohezi 60 wakati sisi tunaishia 20, alikuwa anasikia kila amri inayotolewa sebuleni. Watoto ndio hawakusikia, kama leo.

Herodoto, mwanahistoria wa Ugiriki ya kale, aliandika kwamba kwa Wamisri wa kale, paka wa nyumbani akifa mwenyewe, wakazi wote wa nyumba walinyoa nyusi. Akifa mbwa, walinyoa mwili mzima na kichwa. Maana yake ukikutana na jirani njiani unajua msiba wenyewe bila kuuliza, na mbwa wa nyumba fulani akiugua, watu walitazama nywele zao kwa mara ya mwisho. Kuna nyumba hapa duniani ambako mwenye nyumba akifa, hata king'amuzi hakizimwi.

Paka amebebwa, makucha yamekwama kwenye kitambaa cha meza ya TV, kitambaa kimekuja, antena imekuja. Imerudishwa. Rimoti inaelekezwa, sauti inapanda bila tatizo lolote, na inapanda hasa, kwa sababu taarifa ya habari imekwisha na sasa ni tangazo la sabuni, na matangazo huja na koo lao.

Baada ya robo saa mwenye nyumba anakoroma, rimoti kifuani, mkono juu yake. Paka amesharudi kwenye kitanda chake. Jaribu kuzima TV.

"Mbona mmezima? Naangalia."

Mwonyeshe ile skrubu mezani. Atakwambia haikuwa ya rimoti.