Hanomag ijenge kuanzia ndani

Wengi wanaounganisha modeli za plastiki za magari ya vita ya Wajerumani ya Vita Kuu ya Pili wanakimbilia vifaru, Tiger na Panther, na siwalaumu maana ni magari ya kutisha kweli. Ila mimi nasema hivi, kama unataka boksi moja tu, chukua Sd.Kfz. 251, lile deraya lenye tairi mbele na minyororo nyuma ambalo watu wamezoea kuliita Hanomag. Kifaru ukishabandika tareti, ule mnara wa juu wenye mzinga, ndo basi, kilichomo ndani hakionekani tena, lakini hili halina paa, ukiliweka mezani kila anayepita anachungulia ndani, anaona mabenchi mawili yanatazamana, rafu za bunduki, redio, usukani uliolala kwa kuelekea mbele tofauti kabisa na wa gari la kawaida. Humo walikaa askari kama 10, ukiacha dereva na kamanda, na chuma cha pembeni kilikuwa milimita 8 tu, yaani kinazuia risasi za bunduki na vipande vya mabomu, basi, na likirushwa guruneti kutoka ghorofani linaingia moja kwa moja.

Sasa inaniuma nikiona mtu kaweka kazi nzuri sana nje, kutu, tope, kila kitu, halafu ndani kapuliza rangi moja akafunga. Bodi ya gari lenyewe ilikuwa nusu mbili, ya chini na ya juu, na kwenye modeli nyingi ni hivyohivyo, kwa hiyo paka rangi sakafu na mabenchi, chakaza pale viatu vinapokanyaga na pale mgongo unapoegemea, weka mikoba, ndo ugundishe nusu ya juu. Ukishagundisha brashi haifiki tena kule mbele kwa dereva.

Kuhusu kampuni za modeli, Tamiya inaungana vizuri bila kukusumbua, Dragon ina vipande vingi vidogo na minyororo ya kuunganisha kipande kwa kipande, inataka subira. Kwa skeli ya 1/35, yaani dogo mara 35 kuliko lenyewe, gari zima ni kama sentimita 16 na nusu, linakaa popote.

Halafu angalia ni toleo gani, kwa Kijerumani Ausf. Ausf. C upande wake wa nyuma umevunjika katikati kwa mabamba mawili ya chuma, Ausf. D ni bamba la mteremko mmoja, walirahisisha ili watoe mengi haraka, na kweli kati ya magari zaidi ya 15,000 yaliyotengenezwa, zaidi ya 10,000 ni D. D lilianza Septemba 1943, na amri ya kuacha rangi ya kijivu na kwenda kwenye manjano iliyofifia ilitoka Februari mwaka huohuo, kwa hiyo D la kijivu lote linapingana na historia, hata liwe limepakwa vizuri vipi.

Na kitu kingine, hizi modeli zinatupa picha kwamba jeshi zima la Ujerumani lilitembea ndani ya deraya. Hapana jamani. Hata kwenye divisheni ya vifaru kawaida ni batalioni moja tu ya askari wa miguu ndiyo iliyokuwa nayo, wengine walipanda malori, na divisheni za kawaida zilitembea kwa miguu huku mizinga inavutwa na farasi.

Stika za kwenye boksi karibu zote ni za vikosi vya Kijerumani. Mimi ningependa kuona watu wengi zaidi wakijenga lile Ausf. D ambalo wapiganaji wa Kipolandi, walioasi dhidi ya Wajerumani, waliliteka Warsaw tarehe 14 Agosti 1944 kutoka divisheni ya Kijerumani ya SS Wiking, wakaliita Jaś, baadaye Szary Wilk, wakaliingiza kwenye shambulio la chuo kikuu tarehe 23 pamoja na Kubuś, deraya walilolitengeneza wenyewe juu ya chesisi ya lori la Chevrolet. Chuo hawakukichukua. Lakini ukilijenga hilo, na bendera yake nyeupe na nyekundu, itabidi ufikirie upya kila kitu cha ndani, nani amekaa benchi lipi, amevaa nini, ameshika bunduki gani, maana wale walipigana na chochote walichokipata.