Rubani wa helikopta akipasuliwa shingo, si lazima awe amekwisha

Tangu nije Marekani kufanya kazi ya tiba ya viungo, nimechoka kusikia jamaa zangu walio jeshini nyumbani wakisema rubani akishapasuliwa shingo, basi habari yake imekwisha.

Tuanze na kazi yenyewe. Rubani wa helikopta hukaa kainama kidogo, mikono yote miwili iko kwenye mitambo, mtetemo unampanda kutoka kitini. Usiku anaongezewa miwani ya kuonea gizani mbele ya helmeti, nayo inamvuta kichwa chini. Wengi hufunga kizito kisogoni ili kusawazisha. Mizani inakaa sawa, lakini uzito wote huo bado uko juu ya pingili saba za shingo! Diski, yaani kile kitakia laini, ya kati ya pingili ya tano na ya sita ikichomoza na kubana mshipa wa fahamu, ganzi hushuka mpaka kidole gumba na cha shahada. Sasa mtu huyo ashike usukani namna gani?

Upasuaji wake si wa jana, upo tangu miaka ya 1950. Daktari hupitia mbele ya shingo, anatoa diski, anaweka kipande cha mfupa, mara nyingi anakaza kwa bamba na skrubu, na pingili mbili zinashikana kuwa moja.

Huku jeshi humsimamisha kuruka, halafu linauliza: mfupa umeshika? Mkono una nguvu? Shingo inageuka kiasi gani? Dawa kali za maumivu ameacha? Majibu yakiridhisha, anaweza kuombewa kibali maalumu, na wapo waliorudi angani. Wengine hunyimwa, na mimi siwalaumu wanaonyima, maana pingili za jirani hubebeshwa kazi ya ile iliyoganda, na helikopta ikitua kwa kishindo hakuna wa kuihurumia shingo.

Nyumbani, wale ninaowafahamu humeza vidonge kimyakimya, wakihofia kuhamishiwa mezani na kupoteza posho. Tusidanganyane, hata huku wapo wanaoficha. Tofauti ni kwamba huku anayesema ukweli anajua atapimwa kwa vipimo gani na njia ya kurudi imeandikwa wapi. Kuiandika hakuhitaji hospitali mpya wala mashine. Madaktari wa jeshi na makamanda wakae meza moja, waweke vigezo, kisha kila rubani apewe nakala kabla shingo haijaanza kumuuma.