Dizeli ya mwenye jembe

Ukikaa na wazee wa Dar es Salaam wakaanza kukumbushana enzi za Vita vya Kagera, hawachelewi kufika kwenye marufuku ya Jumapili ya kubana mafuta: ikigonga saa 8 mchana, gari binafsi halitembei. Wanacheka wenyewe.

Mimi nilikulia kijijini, Ruvuma, na gari la kukatazwa hatukuwa nalo. Shida ya mafuta tuliijua siku mashine ya kusaga iliponyamaza. Mama alikirudisha kinu uani, alfajiri nikawa naamshwa na mchi.

Kuna wanaoniuliza, mkulima wa jembe la mkono mafuta ya nini? Hao hawajawahi kuuza gunia. Amin alipovamia Kagera mwishoni mwa 1978, malori ya mashirika na ya raia yalichukuliwa kubeba askari na zana. Kampala ikatekwa Aprili 1979. Mwaka huohuo mapinduzi ya Iran yakapaisha bei ya mafuta, nasi fedha za kigeni hatuna. Malori yaliyorudi yalirudi hoi.

Baba alikuwa na magunia 30 ya mahindi kwenye ghala la kijiji, yamepangwa juu ya magogo, yakisubiri lori. Mvua za Novemba ziliyakuta palepale. Ya ukutani yalichipua humohumo ndani. Nakumbuka kidole changu kikizama kwenye katani iliyolowa, na harufu kama ya pombe. Mbolea nayo ilifika Februari, mahindi yameshatoa mbelewele! Msimu uliofuata baba akalima la kula tu. Wa mjini waliokuwa kwenye foleni ya unga waliambiwa ni ukame. Ukame ulikuwepo, sikatai, ila mahindi ya kwetu yaliozea ghalani.

Vita sivilaumu, tulivamiwa. Nongwa yangu ni mgao. Mkubwa akikosa mafuta anapiga simu, na lita zinapatikana. Baba angempigia nani?

Mwaka 2022 vita vya Ukraine vilipandisha bei hadi kwetu, na hakuna aliyetuuliza. Ikifika siku ya kugawana tena, dizeli ya Juni hadi Oktoba ianzie kwenye malori ya mazao, kisha ya mbolea kabla mvua haijashika, na mashine za kusaga zipewe fungu lao. Magari ya ofisini, kwao iwe Jumapili saa 8 wiki nzima.